Pambizo za Biblia ya Mwalimu Wangari

Kutoka kwetu Kitale hadi Thika nilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Msicheke. Mtu mwenye haraka huondoka asubuhi akafika kabla ya chakula cha jioni, lakini mimi sikuwa na haraka, wala sikuwa na mahali pa kufika. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikumfurahisha mtu wala kumuudhi, nikatoka nyumbani na begi moja. Eldoret nilipanga mbao. Nakuru niliuza soksi. Naivasha nilikata maua mpaka mikono ikawa inanuka dawa hata kanisani. Kisha nikapanda Kinangop kuchimba viazi, na siku moja dereva wa lori lililokuwa linateremka Thika akatafuta mtu wa kukaa juu ya magunia awazuie wezi kwenye milima. Nikakaa juu ya magunia. Mvua ilininyeshea njia nzima. Tulipofika nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi, zile zile nilizoshindwa kuuza Nakuru.

Nilitafuta mahali pa kujikausha. Upande wa Makongeni, nyuma ya kanisa moja, niliona chumba cha mabati kinatoa moshi. Ndani mzee alikuwa anakoroga sufuria. Nikamsalimia, nikamwomba uji kidogo. Akanitazama kwa muda, akanipimia kikombe, nami nikakimeza chote kabla ulimi haujaniambia kwamba hakuna sukari, hakuna chumvi, na kwamba kinachoshuka kinashuka polepole mno.

"Hiyo ni gundi," akasema. "Sasa umeshikana ndani. Hutaenda mbali."

Huyo alikuwa Mzee Karanja, fundi wa kujalidi vitabu. Vitabu vilivyochanika alivifungua, akavishona upya na kuvivika majalada mapya. Gundi yake ilikuwa unga wa ngano na maji tu, ndiyo maana niko hai. Nilikaa kwake na baada yake miaka ishirini na miwili, mimi ambaye tangu nitoke nyumbani sikuwa nimekaa mahali hata mwaka mmoja.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kanisani Thika kwa sababu juzi mmoja wenu alinipigia simu huku Voi, ninakofanya sasa kazi nyingine isiyohitaji sindano, akaniuliza mambo mawili. Mtu aliyeishia kidato cha nne anaweza kujiita mtu wa kusoma? Na Mkristo akifikiri sana, si ataharibu imani yake? Mimi si mhubiri. Nitawaeleza kazi, na kosa moja nililofanya kazini, halafu mtajijibu.

Kwanza mjue kwamba kitabu husema mengi kabla hakijasomwa. Mpe fundi Biblia kuukuu, aitazame ikiwa imefungwa. Kurasa zinazoguswa sana huwa nyeusi pembeni, na zile zisizoguswa hubaki nyeupe, hivyo ukiitazama kwa ubavu unaona mistari kama ya ngozi ya punda milia. Za watu wengi ni nyeusi kwenye zaburi na kwenye kurasa za mazishi. Sheria za Musa huwa safi kama siku zilipotoka kiwandani. Mzee Karanja alikuwa na desturi ya kuitazama Biblia ya mchungaji kwa ubavu, kisha kuguna tu. Nilijifunza kuogopa ule mguno.

Pili, usitikise kitabu cha mtu mbele ya watu. Tulipata majani makavu ndani ya Biblia, nywele za mtoto, barua za shule, kadi za kliniki. Siku moja nilitikisa ya mzee mmoja wa kanisa kutoka Kalimoni, mkewe akiwa amesimama hapo hapo, ikadondoka picha ya msichana amevaa kofia. Mama akaiokota. Akasema, polepole sana, kwamba hiyo kofia ni nzuri. Mzee akasema ni binamu yake. Mama akamwambia, "Binamu zako nawajua wote, hata wenye hawana vichwa vya kofia." Wakaenda. Biblia hawakuifuata kwa mwezi mzima.

Tatu, kitabu kilichoshonwa hukaa, cha gundi peke yake hudondoka. Siku hizi viwandani wanamwaga gundi ya moto mgongoni, wanabandika jalada, wamemaliza. Ukikifungua mara ishirini kinaanza kutema kurasa. Cha kushona kina mafungu madogo ya karatasi, kila fungu limepitishwa uzi katikati na kufungwa na mwenzake. Hiyo kazi ni ya polepole, na polepole hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kabla ya kubana kitabu kwenye mashine nilikuwa nakisoma. Chuo kimoja cha Biblia kilikuwa kinatuletea vitabu vyake, historia ya kanisa, kamusi, masomo ya watu waliokufa zamani wakibishana kuhusu Mungu. Mengi sikuyaelewa. Nilisoma na kamusi magotini, tena kamusi yenyewe ikiwa haina herufi kadhaa za mwisho kwa sababu nayo ilikuwa imekuja kutengenezwa.

Lakini kusoma si kufikiri. Hilo nilifundishwa na kosa.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Ukishashona kitabu upya, kingo zake huwa hazilingani. Unakiweka kwenye mashine ya kukatia, kisu kinashuka, unanyoa kiasi cha upana wa kidole kila upande, na kitabu kinatoka kinang'aa kama mkate uliokatwa. Wateja hupenda sana. Mzee Karanja alikuwa amenipa sheria moja: "Kabla hujakata, fungua." Maana yake uangalie kama kuna kitu karibu na ukingo.

Wiki hiyo yeye alikuwa ameenda kwao Gatanga kumzika dada yake. Nilikuwa na vitabu vya nyimbo arobaini vya kwaya, na wenyewe walivitaka kabla ya Jumapili. Nilikuwa nakata kimoja baada ya kingine, kisu juu, kisu chini, nikijisikia fundi kweli kweli. Kati ya rundo hilo kulikuwa na Biblia moja nene, ambayo Mzee alikuwa ameishona kabla ya kuondoka. Ikapita kwa kisu kama zile nyingine.

Niligundua siku iliyofuata, nikiivika jalada. Niliifungua nikaona kwamba pambizo zote, ile nafasi nyeupe kando ya maandishi, zilikuwa zimejaa mwandiko wa penseli na kalamu, mdogo, wa mtu aliyefunzwa kuandika vizuri. Na kila mstari ulikuwa umekatwa. Kurasa za kulia zilikuwa zimepoteza miisho ya maneno, za kushoto zimepoteza mianzo. Kurasa zaidi ya elfu moja.

Vijana, nitawaambia nilichofanya, kwa sababu mtafanya kama hicho siku moja. Nilipaka kingo rangi nyekundu. Rangi hiyo huifanya Biblia ionekane ya heshima. Nikaifunga kwa gazeti, nikaweka na begi langu tayari. Nilikuwa nimeacha miji minne kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mwenyewe akaja kabla sijaondoka. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kimbo, Ruiru, mama mrefu wa miaka sitini na kitu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kila mtu alimwita Mwalimu Wangari. Kanisani kwao alikuwa na darasa la akina mama kila Alhamisi. Alilifungua gazeti hapo hapo. Akasifu rangi. Kisha akafunua ndani, akaisogeza karibu na macho, akafunua tena, na tena. Kidole chake kilifuata mstari mpaka ukingoni, kikabaki kinaning'inia hewani.

"Nani alikata?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Uliangalia ndani kwanza?"

"Hapana."

Akanionyesha ukurasa. "Hapa niliuliza kitu mwaka ule bwana yangu alikufa. Sasa nimebaki na nusu ya swali." Kisha akauliza vipande vilivyokatwa viko wapi.

Vipande, pale kazini, havikutupwa. Viliwashia jiko. Nikatazama jiko, naye akanifuata kwa macho. Nikamwambia tulikuwa tumepikia gundi, na chai.

"Chai ilikuwa tamu?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akaifunga Biblia, akaiacha mezani, akaondoka bila kugeuka.

Mzee Karanja aliporudi nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Aliitazama Biblia, akalitazama begi langu mlangoni.

"Unaweza kwenda," akasema. "Wewe ni mtu wa kwenda. Lakini huyo mama ameuliza Mungu maswali miaka thelathini, na ugonjwa wa sukari umemharibu macho na vidole, hawezi kuandika tena. Ukienda, atakaa na nusu-nusu mpaka siku ya kufa."

Kisha akanionyesha kazi ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Zamani, alisema, wahubiri walikuwa wakitengenezewa vitabu hivyo. Tuliifungua Biblia yote, tukakata nyuzi zote, na kila baada ya karatasi moja iliyochapishwa tukatia karatasi tupu. Tukaishona upya. Ilinenepa ikawa vitabu viwili. Ilituchukua wiki tatu, na katika wiki hizo sikupewa kazi nyingine. Jumamosi ya nne akanikabidhi vile vitabu viwili na kalamu, akaniambia niende Kimbo, nimkute Mwalimu, nimwandikie kila swali upya kwa mdomo wake. Niende kila Jumamosi mpaka yaishe.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya safu ya vyumba vya kupanga. Alinipokea bila furaha na bila hasira, akanipa viazi vitamu na chai. Nikadhani tutaanza haraka: mimi nisome nusu iliyobaki, yeye ataje nusu iliyopotea, niandike, tufunue. Nilikuwa nimepiga hesabu ya Jumamosi ishirini. Akaniwekea sharti.

"Hutaandika kitu hujaelewa. Mimi sikuitisha kalamu, nina kalamu."

Swali la kwanza kukumbana nalo vizuri lilihusu ule mti ambao Yesu aliulaani kwa kukosa matunda, na wakati wa matunda haukuwa umefika. Yeye miaka mingi nyuma alikuwa ameandika: kosa la mti ni gani? Nikasema nimeelewa, nikaanza kuandika. Akanishika mkono.

"Umeelewa nini?"

"Mchungaji wetu alisema ni fumbo."

"Mchungaji ako wapi?"

"Hayuko hapa, Mwalimu."

"Na wewe uko. Wewe unasema aje?"

Nilikuwa nimezaliwa kanisani, nimebatizwa, nimeimba kwaya, na katika miaka ishirini na minne hakuna mtu alikuwa ameniuliza mimi nasema aje. Akanirudisha Thika na swali lile. Wiki nzima nilishona nalo. Jumamosi nikamletea jibu refu, la kupendeza, nililolitoa katika vitabu vitatu vya chuo. Akalisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharagwe.

"Hiyo ni ya kumtetea Mungu," akasema. "Hajakuajiri wakili. Rudi uulize."

Siku hiyo hatukuandika hata neno. Jumamosi ishirini zikawa miaka sita.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa mwanafunzi mwema. Mara tatu nilipanga kuhama. Mara moja nilifika mpaka Embu, nikakaa siku nne kwa rafiki, halafu ikafika Ijumaa nikaanza kuwaza kwamba tumeacha katikati ya Isaya, na kwamba yule mama atakuwa ameweka viti viwili nje. Nikarudi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kwamba kuna swali alilolikumbuka wiki hiyo na limemsumbua kwa kukosa mtu wa kuliandika.

Njia yake ya miaka ile aliyokuwa bado anaandika nawapa kama nilivyoipata kwake. Alianza na maombi, mafupi. Akasoma kipande kidogo, si sura nzima. Akauliza swali moja tu, lile linaloumiza, akaliandika kwa penseli na mwaka pembeni. Kisha aliinuka akaosha vyombo au akalima vitunguu vyake, kwa sababu, alisema, kichwa hufanya kazi vizuri mikono ikiwa na kazi. Swali hakulijibu siku hiyo hiyo. Alirudi kwalo mwaka uliofuata aone kama bado linauma. Na alipenda kusoma na mtu wa kumpinga. Alhamisi, katika darasa lake, kulikuwa na mama mmoja mgomvi kutoka Kiuu ambaye wengine walitaka afukuzwe. Mwalimu alimwekea kiti cha mbele.

Mzee mmoja wa kanisa letu alisikia habari za Jumamosi zangu akaniita kando. Akaniambia maswali ni mlango, na hujui kitakachoingia. Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo nikitegemea atakasirika. Aliyafikiria kwanza, kama alivyofikiria kila kitu.

"Ni kweli ni mlango," akasema. "Lakini mimi nauliza nikiwa ndani ya nyumba ya Baba yangu. Mtoto asiyeuliza babake kitu, hao wawili wamekosana."

Tulipofika kwenye lile swali la mwaka wa kifo cha mumewe, nilisoma nusu iliyobaki: *Ulisikia uka*. Akaishika chai yake bila kuinywa mpaka ikaweka utando. Nilijua hajasahau. Nikamwambia tunaweza kuliruka.

"Andika," akasema. "Ulisikia ukanyamaza, ama ni mimi sikuomba vizuri?"

Nikaandika. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuulizwa, kama alipata jibu.

"Hiyo ni kama mpangaji," akasema. "Hahami. Lakini siku hizi tunasalimiana."

Nilikaa na maneno hayo, na sikuona imani yake ikiharibika. Niliona imekaa kama kitabu kilichoshonwa, unakifungua hata mgongo ulale mezani, na hakitemi ukurasa. Imani yangu mimi, mpaka hapo, ilikuwa ya gundi.

Tulimaliza Jumamosi moja ya mvua. Niliandika swali la mwisho kwenye karatasi tupu ya pili kutoka mwisho, nikafunga kalamu. Nilitegemea atasema amenisamehe. Hakuwahi kusema hivyo, siku hiyo wala baadaye. Alisukuma kitabu upande wangu, akasema karatasi nyingine zimebaki na nafasi chini, niandike yangu. Nikaendelea kwenda, sasa si kwa kutumwa.

Kazi yenyewe ilikufa polepole. Simu zilikuja, Biblia ikaingia mfukoni bila mgongo wala uzi. Vitabu vya nyimbo vikawa maneno ya kumulikwa ukutani kanisani. Mzee Karanja alizeeka, akaenda kupumzika Gatanga, tukamzika huko. Nilibaki peke yangu nikishona vyeti vya ndoa kwenye majalada na kutengeneza daftari za wahadhiri wachache waliopenda karatasi. Sina ugomvi na simu. Nasomea humo mimi pia. Ila haina pambizo, na nikiona kijana anasoma humo huwa natamani kumuuliza, wewe swali lako unaliandika wapi?

Mwaka jana kanisa lilihitaji ile nafasi iwe ya kuegesha magari. Walinieleza kwa adabu. Watu wa vyuma chakavu wakaibeba mashine ya kukatia, wanne wakihema. Nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko Voi, akasema kuna kazi. Nikanunua tiketi ya gari la saa nane, na asubuhi hiyo nikapitia Kimbo.

Mwalimu alikuwa na miaka karibu tisini, na kwa miaka miwili kumbukumbu ilikuwa inamtoka. Mimi aliniita fundi wa maji, akaniomba niangalie mfereji. Nikauangalia. Kisha mjukuu wake, msichana mkubwa anayemtunza, akatuletea viti viwili nje na vile vitabu viwili, kwa sababu huwa anamsomea kila siku naye hutulia. Nikafungua popote. Nikasoma swali nililoandika zamani kwa mwandiko wangu:

"Kama unajua kabla sijaomba, sauti yangu unaitakia nini?"

Akageuza uso. "Nani aliandika hiyo?"

"Ni mwalimu mmoja wa hapa Kimbo."

"Huyo mama anafikiri."

"Sana, Mwalimu."

"Na alijibiwa?"

Nikatazama chini ya swali. Palikuwa patupu. "Bado," nikasema.

"Soma tena," akasema. "Polepole. Tumsaidie."

Nikasoma tena, na mara ya tatu. Alikuwa ameshika kidevu, midomo ikitikisika, kama nilivyomwona Jumamosi zile zote. Ikafika saa ya kwenda. Nikampa mjukuu kitabu, nikamshika Mwalimu mkono, nikaaga, nikachukua begi. Nilikuwa nimefika kwenye geti aliponiita nirudi. Nikadhani amelikumbuka jina langu.

Alitaka kujua jambo moja tu: yule mwalimu alikuwa akiomba kwa sauti ama kimoyomoyo? Kwa sababu, alisema, hiyo inabadilisha swali lote.

Nikaliweka begi chini, nikaketi. Gari la saa nane liliniacha. Niliondoka na la jioni.